Mshangao wa Mtoto na Hesabu ya Mzinga: Hadithi za Safari za Anga katika Ufundishaji wa Sayansi

Mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi hachelewi kukutana na swali ambalo hakulitia katika andalio lake la somo. Somo laweza kuwa linahusu hewa au mashine rahisi; mara mtoto mmoja ananyosha kidole na kuuliza kama ni kweli watu walipata kufika mwezini, na kama walifika, walipumua nini huko. Hapo darasa zima huamka. Hata yule wa nyuma aliyekuwa akichorachora pembeni mwa daftari huinua kichwa. Mwalimu ana nukta chache tu za kuamua atafanya nini, na uamuzi huo una uzito kuliko aonavyo yeye mwenyewe wakati ule.

Aghalabu mwalimu mgeni wa kazi hufanya moja ya mambo mawili. La kwanza ni kusema kwamba hilo si somo la leo. Mtoto huketi, na hujifunza kwamba kuuliza ni utovu wa adabu. La pili ni kumjibu upesi: ndiyo, walifika mwezi wa Julai mwaka 1969, walibeba oksijeni migongoni, sasa tuendelee. Jibu hili ni sahihi, na ni afadhali kuliko lile la kwanza. Lakini nalo hufunga mlango. Mtoto amepewa habari ya kukariri, hakupewa kazi ya kufanya. Baada ya wiki moja ataikumbuka tarehe na kuusahau mshangao.

Katika makala haya nataka kuonyesha njia ya tatu, nayo ni kuuchukua mshangao wa mtoto na kuupa kipimo: rula, saa, mizani au hesabu ya kuzidisha na kugawanya, ili aweze kuukagua mwenyewe kile alichokistaajabia. Njia hii haikubuniwa vyuoni. Ndiyo iliyowafikisha watu mwezini, kama tutakavyoona, na wawili kati ya watatu walioianza walikuwa walimu wa shule.

Vijana watatu na vitabu vyao

Mwaka 1865 mwandishi Mfaransa Jules Verne alichapisha riwaya juu ya watu watatu waliofunga safari ya kwenda mwezini. Hawakupanda roketi. Walifungiwa ndani ya risasi kubwa iliyokuwa tupu katikati, wakafyatuliwa kwa mzinga mkubwa mno uliochimbiwa ardhini huko Florida, Marekani. (Mwalimu aeleze mapema kwamba huu ni mzinga wa vita; vinginevyo nusu ya darasa watafikiria nyuki.) Hadithi za namna hii, ambazo mwandishi hujenga jambo ambalo halijatokea juu ya msingi wa elimu iliyokwisha kupatikana, huitwa hadithi za kubuni za kisayansi. Hutofautiana na ngano zetu za sungura na fisi kwa jambo moja kubwa: msomaji anaruhusiwa, na kwa kweli anakaribishwa, kuuliza kama jambo hilo lingewezekana.

Konstantin Tsiolkovsky alizaliwa Urusi mwaka 1857. Alipokuwa na umri wa miaka kama 10 aliugua, akapoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kusikia, na shule ikamshinda kwa sababu hiyo. Alijisomea vitabuni, na mwaka 1880 akaanza kufundisha hesabu katika mji mdogo wa Borovsk. Baadaye akahamia Kaluga na kuendelea na kazi hiyo hiyo. Mwenyewe alieleza kwamba mbegu ya fikira zake za safari za anga ilitoka kwa Verne. Mwaka 1903, akiwa bado mwalimu wa mkoani asiye na maabara wala fedha, alichapisha makala iliyoonyesha kwa hesabu kwamba roketi ndiyo chombo kinachoweza kutoka nje ya hewa ya dunia.

Robert Goddard, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1882, alikuwa kijana mwenye afya dhaifu. Alisoma riwaya ya Mwingereza H. G. Wells juu ya viumbe wa sayari ya Mirihi wanaoivamia dunia. Tarehe 19 Oktoba 1899 alipanda juu ya mti wa matunda nyuma ya nyumba yao ili akate matawi makavu, na akiwa huko juu akawaza jinsi ambavyo ingekuwa kama angetengeneza chombo cha kufika Mirihi. Aliishi akiiadhimisha tarehe hiyo kila mwaka. Miaka zaidi ya 26 baadaye, tarehe 16 Machi 1926, alirusha roketi ya kwanza duniani iliyotumia mafuta ya maji. Iliruka kwa sekunde mbili na nusu, ikafika kimo cha mita 12 na nusu, ikaangukia shambani. Yafaa wanafunzi waambiwe vipimo hivi bila kuona haya, kisha watoke nje na kukadiria: je, mnazi ulio karibu na shule una urefu gani?

Wa tatu ni Hermann Oberth, na huyu ndiye nitakayemkalia zaidi.

Kosa la mzinga

Oberth alizaliwa mwaka 1894 huko Transilvania, ambako siku hizo kulikuwa chini ya dola ya Austria na Hungaria na leo ni sehemu ya Rumania. Alipokuwa na umri wa miaka kama 11 alikisoma kile kitabu cha Verne, akakirudia tena na tena hata akawa anakijua kwa moyo. Mpaka hapa hana tofauti na watoto wengi. Lililomtenga nao ni hili: alianza kuzikagua hesabu za mwandishi. Verne alikuwa amesema kwamba risasi ile ilitoka mzingani kwa mwendokasi wa kilomita 11 hivi kwa sekunde. Oberth aliona kwamba namba hiyo ilikuwa sawa. Huo kweli ndio mwendo unaohitajika ili kitu kiishinde kani ya uvutano ya dunia. Lakini aliona pia kwamba wasafiri wale watatu wangekufa kabla risasi haijatoka mdomoni mwa mzinga.

Hesabu ya mtoto huyo inaweza kufanywa na darasa la sita au la saba, na nawahimiza walimu wanaojiandaa waifanye wenyewe kwanza. Mzinga wa Verne ulikuwa na urefu wa futi 900, yaani yapata mita 275. Risasi ilianza ikiwa imetulia, ikamaliza ikiwa na mwendo wa mita 11,000 kwa sekunde. Tukichukua kwamba mwendo uliongezeka kwa usawa, wastani wake ndani ya mzinga ni nusu ya huo, yaani mita 5,500 kwa sekunde. Gawanya 275 kwa 5,500. Jibu ni sehemu ya ishirini ya sekunde. Katika muda huo mfupi kuliko kupepesa jicho, wasafiri walitakiwa kutoka katika utulivu na kufikia kilomita 11 kwa sekunde.

Namba hiyo peke yake haimwambii mtoto kitu. Kwa hiyo mlete kwenye basi. Kila mtoto aliyewahi kupanda basi anajua kwamba likiondoka kwa ghafla abiria aliyesimama huyumba kinyumenyume. Tuseme basi linaanza safari na baada ya sekunde 10 lina mwendo wa kilomita 40 kwa saa, ambao ni kama mita 11 kwa sekunde. Risasi ya Verne ilifikia mwendo mkubwa kuliko huo mara 1,000, na ilitumia muda mfupi kuliko huo mara 200. Zidisha: msukumo wake ulikuwa mkali kuliko wa basi mara 200,000. Ukipenda kulieleza kwa uzito, msafiri wa kilo 60 angejiona ghafla amekuwa na uzito wa zaidi ya tani 1,200. Waulize wanafunzi ni malori mangapi ya tani 10 hayo, halafu nyamaza. Utasikia darasa likivuta pumzi.

Tazama kilichotokea hapo. Mtoto hakuambiwa kwamba kitabu kina makosa. Ameligundua kosa mwenyewe kwa kugawanya na kuzidisha, kazi ambazo jana alikuwa akizilalamikia. Wala hakukidharau kitabu. Oberth naye hakukitupa. Aliendelea na swali lililofuata, ambalo ndilo swali lenye kuzaa: ikiwa haiwezekani kwa mzinga, kwa nini basi? Chombo hicho sharti kiongeze mwendo polepole, kwa muda mrefu, kikiwa kinabeba nguvu zake chenyewe. Kabla hajamaliza shule alikuwa amekwisha kuifikia fikira ya roketi.

Maisha hayakumlainikia. Mwaka 1922 tasnifu yake juu ya roketi ilikataliwa katika chuo kikuu cha Heidelberg. Mwaka 1923 akaichapisha kama kitabu, na kwa miaka mingi iliyofuata akajipatia riziki yake kwa kufundisha katika shule ya mji wa Mediasch. Mwezi wa Julai mwaka 1969, akiwa mzee wa miaka 75, alikuwako Florida kushuhudia kuondoka kwa Apollo 11. Roketi iliyowabeba wanaanga wale watatu ilichukua karibu dakika 12 kufika katika mzingo wa dunia, kisha ikawasha tena injini kwa karibu dakika 6 kuelekea mwezini. Jumla ni kama dakika 17, yaani zaidi ya sekunde 1,000, mahali pa ile sehemu ya ishirini ya sekunde ya Verne. Msukumo mkubwa kabisa walioupata ulikuwa kama mara nne ya uzito wao. Watu watatu, kutoka Florida, na mwishowe wakatua katika bahari ya Pasifiki: hayo yote Verne aliyabahatisha. Alichokosea ni mzinga.

Kuna jambo ambalo mwalimu asilifiche anaposimulia habari hizi kwa wanafunzi wakubwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Oberth alifanya kazi kwa muda katika kituo cha Peenemünde, Ujerumani, ambako kijana aliyewahi kuwa msaidizi wake, Wernher von Braun, alikuwa akiunda kombora la V-2. Makombora hayo yaliangushwa London na Antwerp tangu mwaka 1944, na maelfu ya wafungwa walikufa katika kazi ya kuyatengeneza. Ndoto ya mtoto haimlindi mtu mzima asiitumie vibaya. Simulizi linalowapaka wanasayansi mafuta ya utakatifu si somo la sayansi, na watoto wenyewe hawalihitaji.

Je, roketi husukuma hewa?

Mwezi wa Januari mwaka 1920 gazeti la New York Times liliandika tahariri ya kumdhihaki Goddard. Mhariri alidai kwamba roketi haiwezi kwenda mahali pasipo na hewa kwa kuwa haina kitu cha kusukumana nacho, na kwamba hata mwanafunzi wa sekondari analijua hilo. Gazeti lilisahihisha kosa lake tarehe 17 Julai 1969, siku moja baada ya Apollo 11 kuondoka. Wanafunzi hulipenda sana kisa hiki, kwa sababu kinaonyesha mkubwa akisahihishwa. Lakini faida yake kubwa ni kwamba wengi wao, ukiwauliza kabla ya kuwasimulia, watatoa jibu lile lile la mhariri. Basi waulize kwanza, na uandike majibu yao ubaoni.

Jaribio la kawaida ni la puto. Funga uzi mrefu kutoka ukuta hadi ukuta, upitishe ndani ya mrija wa soda au ganda la kalamu lililokwisha wino, ubandike puto lililojazwa hewa juu ya mrija huo, kisha uliachie. Puto hukimbia juu ya uzi, watoto hushangilia. Jaribio ni zuri, ila halijibu swali letu, na mwalimu mwenye haraka hatalitambua hilo. Mtoto mwerevu atasema kwamba hewa itokayo ndani ya puto imeisukuma hewa iliyomo darasani, na ndiyo maana puto limekwenda. Huwezi kumkatalia, kwa sababu darasani kumejaa hewa. Akisema hivyo mpongeze; ameona tundu ambalo vitabu vingi vya kiada huliruka.

Hapo ndipo mtumbwi unapofaa zaidi ya puto. Watoto wa pwani na wa kandokando ya maziwa wanajua kwamba mtu akiruka kutoka mtumbwini kwenda nchi kavu, mtumbwi hurudi nyuma. Uliza: mtumbwi ulianza kurudi lini? Je, ni pale miguu yake ilipogusa mchanga, au pale ilipoachana na mtumbwi? Kama shule haina ziwa, mketishe mwanafunzi juu ya ubao uliowekwa magurudumu au magogo ya mviringo, mpe mfuko wa mchanga, na umwambie autupe kwa nguvu mbele yake huku wenzake wamekaa kando. Ubao utarudi nyuma wakati ule ule wa kutupa, hata kabla mfuko haujaanguka. Moshi wa roketi ni mfuko huo wa mchanga, unaotupwa bila kukoma. Goddard mwenyewe alilithibitisha hilo kwa kuwasha roketi ndogo ndani ya chombo kilichotolewa hewa, na akaona kwamba zilifanya kazi vizuri zaidi humo.

Nani anashika uzi?

Katika majaribio kama haya mwalimu aangalie mikono ya nani iko kwenye puto na mikono ya nani iko kwenye kalamu. Mara nyingi wavulana hushika chombo, wasichana wakaachiwa kuandika matokeo. Mwaka 1966 televisheni ya Marekani ilianza kuonyesha kipindi cha hadithi za anga kiitwacho Star Trek, ambamo mwanamke Mweusi, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, alikuwa afisa wa mawasiliano wa chombo. Jina la mhusika huyo, Uhura, lilitoholewa kutoka neno letu uhuru. Miongoni mwa watoto waliokitazama alikuwamo Mae Jemison, msichana wa Chicago aliyekerwa na kuona kwamba wanaanga wa Apollo wote walikuwa wanaume. Mwezi wa Septemba mwaka 1992 alikuwa mwanamke Mweusi wa kwanza kusafiri angani. Sidai kwamba kipindi cha televisheni kilimfanya daktari na mhandisi. Masomo ndiyo yaliyomfanya. Ila mtoto huchagua mlango ambao amepata kuona mtu aliyefanana naye akiupita, na darasani mlango huo ni nafasi ya kushika uzi.

Lililo mbali na lililo karibu

Baadhi ya wenzetu husema kwamba mambo haya hayamhusu mtoto wa kijijini, ambaye anahitaji zaidi elimu ya mbolea na maji safi. Anaihitaji kweli. Lakini mtoto huyo huyo anasikia utabiri wa mvua unaotegemea picha za setilaiti, na historia ya anga imepita mlangoni kwake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Wamarekani walipoanza kuizunguka dunia, kimoja cha vituo vyao vya kuwasiliana na wanaanga kilikuwa Unguja. Kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa na Waitalia baharini karibu na Malindi, setilaiti zilirushwa tangu mwaka 1967 hadi 1988. Mojawapo, ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya kupima miali ya eksirei kutoka angani, iliondoka tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, ikapewa jina la Uhuru. Mwaka 2023 Kenya ikapeleka angani setilaiti yake, Taifa-1, kwa roketi ya Marekani.

Mada hii haihitaji zana za gharama. Mpe mwanafunzi mmoja mpira wa miguu uwe dunia, na mwingine limau kubwa au mpira wa tenisi uwe mwezi, kisha waambie wenzao wauweke mwezi mahali pake. Karibu wote watauweka umbali wa mkono mmoja. Mwezi uko mbali nasi kwa umbali wa dunia 30 zilizopangwa mstari mmoja. Kwa mpira wenye upana wa sentimita 22 umbali huo ni mita 6 na sentimita 60, yaani karibu na ukuta wa pili wa darasa. Waache wauhesabu na kuupima kwa hatua. Katika kipindi cha Kiswahili wanaweza kutunga hadithi fupi ya safari ya kwenda huko, na wenzao wakapewa kazi ya kutafuta, kwa heshima, mahali ambapo hadithi isingewezekana: aliyesahau hewa, aliyesahau chakula, aliyefika kwa saa moja. Usisahihishe kwa wino mwekundu kabla yao.

Ukifika kwenye habari ya Malindi, uliza kwa nini Waitalia walikuja mbali hivyo. Ikweta ina mzunguko wa kilomita 40,000, na dunia hujizungusha mara moja kwa saa 24. Gawanya, upate karibu kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka huko imekwisha kupewa mwendo huo bure, ilhali ile inayorushwa kutoka nchi za kaskazini hupata kidogo zaidi. Hapo mtoto mmoja atauliza: kama sisi hapa tulipoketi tunakwenda mbio hivyo, mbona hatuhisi? Usimjibu. Mrudishe kwenye basi. Likiwa katika mwendo mmoja kwenye barabara iliyonyooka, abiria hunywa maji yake bila kuyamwaga; ni wakati wa kuondoka na wakati wa kufunga breki ndipo anapotafuta mahali pa kushika. Mpe nafasi alitambue hilo mwenyewe, kisha umuulize ni kitu gani hasa kilichokuwa kikiwaua wasafiri wa Verne: zile kilomita 11 kwa sekunde, au namna walivyozianza.